Kosa Nililofundisha Darasani

Mwalimu akikosea katika hesabu, mtoto wa mbele huinua mkono, ubao hufutwa, na kosa likaisha hapo hapo. Lakini yako makosa yasiyofutika kwa kitambaa, maana watoto huyachukua nyumbani kama wachukuavyo kuni, na jioni moto wake ukawaka katika kila jiko. Kosa la namna hiyo nalilifanya mimi mwenyewe hapa Kibondo, mwezi wa Januari mwaka 2025. Naliandika leo kwa sababu nadhani wengi wamekosea pamoja nami, na tena kwa sababu njia niliyoonyeshwa ya kulisahihisha ni jambo la ajabu linalostahili kujulikana vijijini.

Ninyi mnaokaa karibu nasi mnaukumbuka mwezi ule. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza huko Dodoma ya kuwa ugonjwa wa marburg umethibitika katika wilaya ya Biharamulo, mkoa wa Kagera. Miaka miwili kabla yake, mwezi wa Machi 2023, ugonjwa huo huo ulikuwa umetokea katika wilaya ya Bukoba, ukashika watu 9 na kuua 6. Lakini Bukoba kwetu ni mbali. Biharamulo si mbali: mtu akitoka Kibondo, akapita Kakonko, akafika Nyakanazi, yu tayari katika wilaya ile. Malori hupita hapa mchana na usiku, wafanya biashara wa maharage na asali huenda na kurudi, na ndugu zetu wengi wameoa ama kuolewa upande ule. Basi hofu ilifika kwetu kabla ya habari kamili.

Siku ya pili yake nalisimama mbele ya darasa la sita ili nifundishe sehemu na desimali. Hakuna aliyesikiliza. Mwishowe msichana mmoja, mpole lakini mwenye akili, aliinuka akaniuliza, “Mwalimu, ugonjwa huu unamwuaje mtu?”

Sikujua. Nalikuwa nimesikia tu kwamba ni homa ya kutokwa damu. Ilinipasa kusema, “Mwanangu, sijui, nitauliza niwaambie.” Neno hilo ni jepesi, walakini kwa mwalimu ni zito kuliko gunia la mahindi. Naliona haya. Nikachukua chaki, nikachora bomba la maji lililopasuka, nikasema kwa sauti ya mtu ajuaye: “Kirusi huingia katika mishipa ya damu, huila hata ikapasuka kama bomba bovu, ndipo damu humwagika kila mahali. Ukimwona mtu atokwa na damu puani au kinywani, mkimbie. Asiyetokwa na damu, usimwogope.” Watoto wakanakili picha yangu katika madaftari yao. Nikarudi katika desimali, moyo wangu ukiridhika.

Jioni ile ile moto uliwaka. Yuko kwetu mama mmoja mjane auzaye dagaa sokoni, mwenye mtoto wa darasa la nne. Siku ya tatu baada ya somo langu mtoto yule alitokwa na damu puani akicheza mpira. Wenzake wakapiga kelele, wakatawanyika. Mama yake alimpeleka zahanati. Akapimwa, akaonekana hana homa wala ugonjwa, ila jeraha dogo ndani ya pua. Karatasi ya zahanati haikumsaidia. Kisimani ndoo yake iliwekwa kando kwa fimbo, mtu asiiguse. Sokoni watu walipita mbele ya dagaa wake kama wanaopita kaburi. Walipoulizwa sababu, walijibu, “Mwalimu amesema.”

Nami nalinyamaza. Nalijiambia ya kuwa tahadhari kidogo haidhuru, na hofu itapita yenyewe. Lakini kosa lile lilikuwa na upande wa pili, nao ulikuwa wa hatari zaidi. Juma lililofuata palikuwa na msiba kijijini, akaja mgeni kutoka upande wa Biharamulo. Alikuwa na homa kali, anatapika, macho yake mekundu, mwili umemlegea. Katika siku zile mtu wa namna hiyo ilipasa akae mahali pa peke yake, na watumishi wa afya waitwe upesi. Walakini watu walimpokea vizuri, wakampa mkono, wakala naye sahani moja, wakisema, “Huyu hana damu.” Sisi Waha hatujui kusalimu kwa haraka; salamu zetu ni ndefu, na mkono hauachiwi upesi. Mimi nami nalimpa mkono. Watumishi wa afya walipopata habari walikuja, wakamtenga, wakachukua damu yake ikapimwe. Kwa neema ya Mungu ilikuwa malaria. Lakini usiku ule, kabla ya majibu, sikulala. Nalitazama mkono wangu wa kuume katika mwanga wa taa, nikatambua kwamba kwa picha moja ya chaki nalikuwa nimemfukuza mtoto mzima na kumkumbatia mtu ambaye angaliweza kutuua sote.

Tarehe 13 Machi serikali ilitangaza ya kuwa mlipuko wa Biharamulo umekwisha. Watu 10 walikuwa wamehesabiwa, wawili wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo na wanane wakidhaniwa kwa dalili zao, na wote 10 walikufa. Wale wanane walifariki kabla ugonjwa haujatambulika. Nami wakati wa likizo nikaenda Kasulu kumtazama baba yangu, nikiwa na swali la yule msichana moyoni kama mwiba.

Baba ni mzee sasa, lakini katika ujana wake alikuwa fundi wa kuezeka vigae. Usiku wa pili mvua kubwa ilinyesha, maji yakadondoka katikati ya chumba. Nikasema, “Baba, kigae kimepasuka.” Akanijibu, “Panda utazame kwanza, ndipo useme.” Asubuhi nalipanda. Nikatafuta kigae kilichopasuka nisikione hata kimoja. Vigae vyote vilikuwa vizima, ila vichache vilikuwa vimeteleza kidogo, pakawa na nafasi kama ya upana wa kidole. Maji yalipita hapo.

Siku ile alikuja mtoto wa dada yangu, kijana afanyaye kazi ya maabara katika hospitali moja upande ule. Aliniamkia, “Shikamoo, mjomba,” akaketi. Nikamweleza habari zangu zote bila kuficha. Akanisikiliza hata mwisho, akaniambia kwa upole, “Mjomba, mishipa haipasuki. Inavuja. Babu alikwisha kukufundisha jambo hili juu ya paa, kabla yangu.”

Kisha akaanza kunieleza. Ndani ya kila mshipa wa damu, kutoka ule mkubwa utokao moyoni hata ule mwembamba kupita unywele, zimetandazwa seli, yaani chembe hai za mwili, zilizo bapa na nyembamba mno, kila moja ikigusana na jirani yake kama vigae. Seli hizo zina kama vikono vya kushikana. Si ukuta mfu. Husikia habari zinazopita katika damu, nazo hukaza au kulegeza vikono vyao kwa kiasi, ili maji na chakula vipenye kwenda mwilini, na damu yenyewe ibaki njiani mwake. Seli hizo zikilegea kupita kiasi, maji ya damu hutoka nje ya mishipa na kuingia katika nyama. Mishipa hubaki na damu kidogo iliyo nzito, nguvu ya msukumo wake hushuka, na figo, ini na ubongo hukosa mahitaji yao. Mgonjwa aweza kufa kwa kuvuja huko kwa ndani, na macho ya watu wasione hata tone moja nje.

Nalimwuliza, “Mmejuaje? Nani amewahi kuingia ndani ya mshipa wa mgonjwa?” Akasema ya kuwa hilo ndilo lililowasumbua wataalamu miaka mingi. Mgonjwa wa homa kama hiyo hawezi kukatwa na kuchunguzwa akiwa hai. Kumpasua maiti wake ni hatari kubwa. Na panya wa maabara walio wazima hawaugui kirusi hiki kama binadamu auguavyo. Basi wakatafuta njia nyingine: kuotesha vipande vya mwili wa binadamu nje ya mwili, katika vyombo vya kioo.

Kazi hiyo ilianza zamani. Mwaka 1907 Ross Harrison wa Marekani aliweka kipande cha neva ya chura mchanga katika tone la majimaji, akakiona kikikua chini ya hadubini. Mwaka 1949 John Enders, Thomas Weller na Frederick Robbins, huko Boston, walikuza kirusi cha polio katika chembe za binadamu zilizooteshwa, na kwa kazi hiyo walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1954. Chanjo za polio wanazopewa watoto wetu zilitokana na njia ile. Lakini chembe za ndani ya mishipa zilikuwa ngumu kuzipata. Hata mwaka 1973 Eric Jaffe na wenzake wa New York walipata njia ya hakika, na wasomaji, hamtakisia walizitoa wapi. Walizitoa katika kitovu, yaani ule uzi wenye mishipa unaomwunganisha mtoto na kondo la nyuma.

Nalistaajabu sana. Kwetu kitovu huzikwa, na mtu akitaka kusema nyumbani kwake ni wapi, husema ndipo kitovu chake kilipozikwa. Huko, kitovu ambacho mtoto amekwisha kukitumia, na ambacho kingetupwa, huoshwa, na ndani ya mshipa wake hutiwa maji yenye kimeng'enya kiyeyushacho gundi ya seli. Seli hutoka, zikawekwa katika kisahani chenye maji ya chakula, katika joto sawa na la mwili, yaani nyuzi 37. Baada ya siku chache hutandaa na kushikana, zikafunika sakafu ya kisahani kwa tabaka moja, kigae kwa kigae. Hapo mtaalamu ana ukuta wa mshipa wa binadamu mbele ya macho yake, na hakuna mtu aliyeumizwa.

Sasa sikilizeni walivyoutumia. Ugonjwa wa marburg ulipata jina lake kwa mji wa Marburg katika Ujerumani, ambako mwaka 1967 watu wa maabara waliambukizwa na nyani walioletwa kutoka Uganda. Pamoja na waliougua Frankfurt na Belgrade walikuwa 31, wakafa 7. Mwaka 1993 wataalamu wa Ujerumani, baadhi yao wakiwa wa mji ule ule wa Marburg, waliweka kirusi hicho juu ya seli zilizooteshwa za mishipa, na hata juu ya vipande vizima vya mshipa wa kitovu. Wakaona kirusi kinaingia ndani yake na kuzaana. Kama wangaliishia hapo, wangalifikiri kama mimi, ya kuwa kirusi huila mishipa hata ikaharibika.

Lakini hawakuishia hapo. Mwaka 1996 walifanya jaribio la pili. Waliambukiza chembe nyeupe za damu, zile askari wa mwili, kisha wakachukua majimaji ambayo askari wale waliyatoa, wakayamimina juu ya seli za mishipa zilizo nzima. Tabaka la seli likaanza kuvuja. Maana askari walioambukizwa hupiga kengele ya hatari kwa kumwaga vitu katika damu, na seli za mishipa zikiisikia kengele hiyo huachia mikono. Katika ugonjwa mdogo jambo hilo ni jema, kwa kuwa askari hupata nafasi ya kupita kwenda vitani. Katika ugonjwa huu kengele hupigwa mwili mzima, bila kukoma, na paa lote likavuja kwa wakati mmoja.

Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani wakaongeza ushahidi. Walichunguza nyani waliokuwa na ebola, ndugu wa marburg, siku kwa siku. Wakaona ya kuwa kutoka damu hakukuletwa na kirusi kuzivunja seli za mishipa. Seli hizo zilikuwa karibu nzima hata ugonjwa ulipokaribia mwisho wake. Vigae havikuvunjika.

Tena ufundi umeendelea. Kisahani ni bapa, na mshipa ni wa mviringo, tena una mkondo ndani yake. Kwa hiyo watu wa Leiden, katika Uholanzi, walitengeneza kibao kidogo chenye mifereji myembamba sana, wakaiotesha ndani yake seli za mishipa hata zikafanya bomba hai, na nje ya bomba pakawa na utando laini kama nyama ya mwili. Mwaka 2020 walieleza jinsi walivyopitisha humo maganda ya kirusi cha ebola. Ganda hilo lina umbo la kirusi kwa nje, lakini ndani halina mbegu ya kuzalia, kwa hiyo haliwezi kumwambukiza mtu. Walitia pia rangi ing'aayo, wakaitazama rangi ikipenya nje ya bomba. Kisha wakatia dawa mbalimbali kuona ipi itakayorudisha vikono vishikane. Mbili zilipunguza kuvuja: moja iitwayo FX06, na nyingine melatonini, kitu ambacho miili yetu wenyewe hukitoa usiku tunapolala.

Na ugonjwa wa korona ulipotokea, njia ile ile ilikuwa tayari. Huko Vienna, katika Austria, wataalamu walikuwa wameonyesha mwaka 2019 jinsi ya kuotesha vifundo vidogo vya mishipa kamili kutoka katika seli za asili, zile ziwezazo kugeuka kuwa kiungo cho chote. Mwaka 2020 wao na wenzao wa Sweden waliweka kirusi cha korona juu ya vifundo hivyo, wakaona kinaingia moja kwa moja. Hivyo watu wakapata ushahidi wa mapema ya kuwa korona si ugonjwa wa mapafu peke yake.

Nalimwambia mpwa wangu, “Basi dawa imepatikana.” Akatikisa kichwa. “Hapana, mjomba. Usifanye kosa la pili. Bomba lile halina ini, halina figo, halina moyo. Dawa iliyofaa katika kioo yaweza kushindwa katika mwili wa mtu. Kioo hukuonyesha pa kutafuta, hakikuonyeshi mwisho wa safari.” Na kweli, hata mwaka 2025 ulipokuwa ukienda, hapakuwa na chanjo wala dawa ya marburg iliyokwisha kuidhinishwa, zilizokuwapo zilikuwa za majaribio.

Lakini maarifa hayo yana faida hata kabla ya dawa kupatikana. Ikiwa mgonjwa anakufa kwa kuvuja, basi arudishiwe maji mishipani kwa kipimo, asaidiwe kupumua, aangaliwe saa kwa saa, ili mwili wake upate muda wa kupigana. Tazameni Rwanda, jirani zetu. Mwezi wa Septemba 2024 marburg ilitangazwa huko, ikashika watu 66, wengi wao watumishi wa hospitali. Waligunduliwa mapema, wakapewa uangalizi mkubwa pamoja na dawa za majaribio, na waliokufa walikuwa 15, yaani hata robo hawakufika. Katika Angola, mwaka 2004 na 2005, watu zaidi ya 200 walikufa, na waliopona walikuwa wachache sana. Sisemi ya kuwa tofauti yote imeletwa na jambo moja. Nasema ya kuwa mtu aliyefika hospitali mapema alikuta mkono wa kumshika, na wale wa Biharamulo waliofariki kabla ugonjwa haujajulikana hawakuukuta.

Neno la mwisho alilonieleza mpwa wangu lilinichoma zaidi. Katika ebola ya Afrika Magharibi ya mwaka 2014, madaktari walipohesabu dalili za maelfu ya wagonjwa, walikuta kutoka damu kusikokuwa na sababu nyingine kwa wagonjwa wasiofika mmoja katika kila watano. Wengi walikuwa na homa, uchovu, kutapika na kuharisha tu. Marburg nayo huanza hivyo hivyo, kwa homa ya ghafula, maumivu makali ya kichwa na ya mwili, na damu, ikionekana, huonekana baadaye. Basi mtu angojaye kuona damu ndipo aogope, amengoja mno. Na mtu amkimbiaye kila atokwaye na damu puani, amemkimbia asiye na hatia. Swali la kuuliza ni hili: mtu huyu mwenye homa ametoka wapi, amemwuguza nani, amemzika nani katika siku 21 zilizopita? Maana kirusi hiki hupita kwa kugusa majimaji ya mgonjwa au ya maiti, nacho chaweza kukaa mwilini mpaka siku 21 kabla ya kujionyesha.

Nalirudi Kibondo. Njiani nalikuwa nikitunga maneno, na kila nilipoyatunga niliona haya ile ile ya siku ya kwanza. Lakini nalikumbuka ndoo iliyosukumwa kwa fimbo. Siku ya mkutano wa wazazi nalimwomba mwalimu mkuu nafasi, nikasimama, nikasema: “Mwezi wa Januari naliwafundisha watoto wenu jambo nisilolijua. Nalisema mishipa hupasuka, na damu ndiyo alama. Si kweli. Kwa neno langu mtoto mmoja ametengwa na mama yake amekosa riziki. Kosa si la watoto, wala si lenu. Ni langu. Mama, nisamehe.”

Watu walikaa kimya. Yule mama aliinuka pole pole, akafunga kanga yake vizuri, akasema, “Mwalimu, neno lako la kwanza lilisemwa mbele ya watu, na la pili limesemwa mbele ya watu. Nimekusamehe. Sasa na dagaa wangu wanunuliwe mbele ya watu.” Wakacheka, na kicheko kile kilikuwa dawa. Mimi nalikuwa wa kwanza kununua, na siku ile hakubaki na dagaa hata wa kujaza kikombe.

Kesho yake nalichora paa la vigae ubaoni mahali pale pale palipokuwa bomba bovu. Nikawaeleza habari za kitovu, na za askari wapigao kengele. Yule msichana akainua mkono tena. “Mwalimu, na kirusi chenyewe hukaa wapi kabla ya kumwingia mtu?” Hilo nalikuwa nimelitafuta, nikamjibu: mwaka 2007 wachimba madini wa Kitaka, katika Uganda, waliugua marburg, na wataalamu wakakikuta kirusi hai katika popo walao matunda waliokaa mgodini mle. Akauliza la pili, kwa nini popo wenyewe hawafi. Nikaweka chaki chini, nikasema, “Mwanangu, sijui. Nitauliza niwaambie.”

Ndugu zangu walimu, neno lile halikuniua. Watoto hawakunidharau, nadhani waliniamini kuliko kwanza. Na ninyi wazazi, mkisikia jambo lo lote la ugonjwa kwetu sisi walimu, mtuulize, “Umelipata wapi?” Baba yangu hakukubali niseme kigae kimepasuka kabla sijapanda juu ya paa kutazama. Wale wenye kuotesha mishipa katika kioo nao wamepanda wakatazama, kwa miaka mingi na kwa subira. Tuwe na subira ya kuuliza kwanza, kabla hatujaisukuma ndoo ya jirani kwa fimbo.

Ni mimi mwalimu wenu,
Kibondo.